Bega la Luhende

Jumapili ile, kabla ya Misa ya kwanza, Bernadeta alikuwa tayari ameketi jikoni akikaanga chumvi. Ilikuwa chumvi ya Uvinza, ile ya mabonge, na aliigeuza kwa kijiti kwenye chungu kipana mpaka ikaanza kupasukapasuka. Ilipofika hapo aliimwaga kwenye kipande cha kaniki, akakifunga fundo, akatandika jani la mbarika juu ya bega la mumewe na kuliwekea kile kifurushi. Mumewe, Luhende, alikuwa amekaa kwenye kigoda bila shati, mkono wake wa kulia umelala mapajani.

"Moto unachoma?" Bernadeta aliuliza.

"Acha uchome."

"Mimi nakanda, baba Josepha, sichomi. Ukiungua useme."

Kwa muda mrefu hakuugusa ule mkono. Aliigeuza tu chumvi begani, nyuma ya bega, kwapani, akarudi juu, na ilipopoa alichukua kifurushi cha pili kilichokuwa kinangoja kwenye majivu. Uvumilivu huo wakandaji wengi wa Tabora hawakuwa nao. Wao wakiletewa kiungo kilichokaza hukikamata hivyohivyo kikiwa baridi, wanakivuta, mgonjwa analia, nao wanamwambia kulia ndiko kupona. Bernadeta alifundishwa na babu yake, aliyebeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi pwani. Babu alisema mpagazi mwenye akili hakujinyoosha asubuhi kabla ya kuota mabega na mashavu ya miguu kwenye moto wa kambi, na aliyekuwa mvivu wa kuota aliachwa njiani huko Ugogo.

"Sasa," alisema.

Aliushika mkono kwenye kiwiko na kifundo, akaupandisha taratibu. Ulifika kifuani, akasubiri Luhende avute pumzi. Ulifika usawa wa sikio, akasubiri tena. Mwishowe ulisimama wima juu ya kichwa, na Luhende akacheka peke yake kwa furaha, maana dakika chache tu zilizopita asingeweza hata kujikuna shingo.

Huo ndio uhai wa nyumba ile tangu mwezi wa nne, mwaka ule wa hamsini na moja. Luhende alikuwa mchochea moto kwenye garimoshi, na kazi ya mchochea moto ni kunyanyua magogo na kuyatupa tanurini safari nzima. Aliteleza kutoka kwenye behewa la kuni stesheni ya Igalula, akaangukia bega, na hakumwambia mtu, kwa sababu mchochea moto mbovu hufutwa kazi na aliyefutwa kazi huhama kota. Kota yenyewe ilikuwa chumba kimoja na jiko, lakini ilikuwa na bati, na Josepha, binti yao, alisoma shule ya masista hatua chache kutoka pale. Siri hiyo waliijua watu watatu. Wa tatu alikuwa Kasimiri, mdogo wake Bernadeta, aliyekuwa amekaa mlangoni asubuhi hiyo akinywa uji wa dada yake.

Kasimiri alikuwa karani wa zamu pale stesheni. Yeye ndiye aliyeandika orodha na kuita majina, na kwa kazi hiyo alivaa kaptura iliyopigwa pasi mpaka ungeweza kujikata nayo. Kazi ile ya kalamu alipewa kwa sababu Luhende alimwombea kwa mabwana wa stesheni. Na mguu aliokuwa akiutikisa huku akinywa uji ulinyooshwa na Bernadeta, miezi mitano ya chumvi na maji ya moto, alipovunjika akiwa mtoto huko Puge.

"Daktari anakuja Jumanne kutoka Dar es Salaam," alisema Kasimiri. "Anapima wachochea moto na wapakia kuni wote. Mikono yote miwili juu, halafu gogo begani. Asiyeweza, jina linakatwa."

Bernadeta aliacha mkono wa mumewe.

"Saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi. Msiwe na wasiwasi. Orodha naandika mimi. Shemeji nitamweka wa kwanza, aingie angali wa moto, atoke."

"Mungu akubariki," Luhende alisema, na alisema kwa moyo wote.

Kasimiri aliweka bakuli chini. "Hivi, dada, huo moto unakaa muda gani mwilini?"

"Akitoka hapa akaingia kazini, kutwa nzima, maana kazi yenyewe inampa joto. Akikaa tu kwenye baridi, na hii Julai, nusu saa haifiki. Mkono unarudi kukaza kuliko mwanzo."

"Nusu saa," alisema Kasimiri, akatikisa kichwa kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

*

Jumanne upepo wa kipupwe uliamka mapema kuliko watu. Bernadeta alimkanda Luhende mara mbili, akamnyoosha, akamviringishia blanketi begani na kumtuma aende mbio. Lakini hakutulia nyumbani. Alikaanga chumvi nyingine, akafunga kifurushi, akakizika kwenye chungu cha majivu ya moto na kumfuata, ili kama kutakuwa na kuchelewa kidogo awe na akiba. Alisimama nje ya seng'enge ya zahanati ya stesheni, pamoja na wake wengine watatu waliokuja na hofu zao.

Saa moja ilipita. Saa mbili ikapita. Wanaume waliokwisha kupimwa walitoka mmojammoja, wengine wakiimba, mmoja akiwa amefunika uso kwa kofia. Luhende hakutoka.

"Mama, yule wa mwisho kule pembeni si mumeo?" mwanamke mmoja aliuliza.

Bernadeta alitazama. Wanaume walikuwa wamepangwa kwenye sakafu ya saruji ya baraza, vifua wazi, mashati na mablanketi yamerundikwa ngazini. Luhende alikuwa mwisho kabisa, pale upepo unapopiga kona ya jengo, ameukumbatia mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Bernadeta alikwisha kuinua mguu aingie getini alipomwona mtu aliyekaa karibu na mlango. Alikuwa Mzee Raymundi, mpakia kuni, baba mdogo wa Luhende, naye hakuwa na shati.

Aligeuka haraka, akajifunika uso kwa kanga. Mke wa mtu hapiti mbele ya baba mkwe aliye uchi wa kifua, na angepita siku ile ingesimuliwa mpaka Nzega. Alirudi nyuma ya mti wa mkungu akamwita askari wa geti, akamwomba amwitie karani.

Kasimiri alikuja na kalamu sikioni.

"Kasimiri, umesema wa kwanza!"

"Daktari kabadilisha mwenyewe, dada. Mzungu akisema nimbishie? Na mashati kasema wavue. Si mimi."

"Basi shika hii." Alikifukua kifurushi majivuni, akakipulizia, akakifunga kwenye ncha ya kanga aliyoichana na kukitia mikononi mwa mdogo wake. "Mwekee begani, kwa nyuma, hapa. Akae nacho mpaka aitwe. Mwambie asiunyanyue mkono kabla haujapata moto, atajikata mshipa. Mimi siwezi kuingia, baba yuko pale."

"Nimemwona," alisema Kasimiri. "Nipe, nipe. Unaniunguza."

Alikwenda nacho akikirusharusha kutoka kiganja hiki mpaka kile. Bernadeta alibaki ameipa baraza mgongo, kama heshima ilivyotaka, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri alipumua vizuri. Alijua chumvi ile ingeshika moto nusu saa nyingine, na waliobaki mbele ya mumewe walikuwa wanne tu.

Luhende alitoka saa nne. Hakuwa na haraka wala hakuwa amevaa blanketi. Alilishika kwa mkono wa kushoto, likiburura.

"Nimeunyanyua mpaka hapa," alisema, akaonyesha chuchu ya kifua. "Daktari akaniambia tena. Nikalazimisha. Nimesikia kitu kinaachia ndani, mama Josepha. Niliona nyota. Akaandika."

"Na chumvi? Chumvi haikusaidia hata kidogo?"

Luhende alimtazama mkewe.

"Chumvi gani?"

*

Siku mbili nzima Bernadeta alimtafutia mdogo wake udhuru. Labda daktari alikataza. Labda kifurushi kiliwahi kupoa. Labda askari alikinyang'anya akidhani ni uchawi, maana askari wale waliona uchawi hata kwenye kitunguu. Mtu akimlea mwingine tangu hajaota meno ya mbele humtafutia udhuru mpaka pumzi imwishie, na Bernadeta alikuwa na pumzi ndefu. Bega la Luhende lilivimba likawa jekundu, na usiku alilala ameegemea ukuta. Sasa halikutaka chumvi wala kunyooshwa. Lilikuwa limechanika, na kilichochanika huachwa.

Ijumaa jioni Mzee Raymundi alikuja. Hakuingia. Alikaa kwenye jiwe nje ya jiko, mgongo ameuelekeza mlangoni, na Bernadeta alikaa ndani nyuma ya ukuta, ndivyo walivyozoea kuzungumza tangu aolewe.

"Mwanangu," mzee alianza, "nilichokiona kinanikosesha kula."

"Sema, baba."

"Jina la Luhende lilisomwa la kwanza. Daktari mwenyewe alilisoma, mimi nilikuwa nimekaa pale pale mlangoni. Kasimiri akamwambia huyo bado hajafika. Nami nilimwona Luhende amefika kabla yangu, na Kasimiri ndiye aliyempeleka kukaa kule pembeni ambako huwezi kusikia."

Bernadeta aliusogelea ukuta.

"Halafu akaja na fundo la kanga. Nikajua ni kazi ya mikono yako. Akaliweka dirishani, nyuma ya meza yake, kwenye upepo. Likakaa pale mpaka tukaondoka."

"Na wewe, baba? Ulikuwa pale mlangoni."

Mzee alikohoa kwa muda mrefu, kikohozi kikavu cha vumbi la magome.

"Kikohozi hiki, mwanangu, asubuhi ile nilikuwa nimekimeza. Nilisema nikifungua mdomo kwa ajili ya mwingine, kitatoka. Nimepita. Wamenipa mwaka mwingine." Aliinuka kwenye jiwe. "Sikuja ili unisamehe. Nimekuja ili ujue."

Alipoondoka, Bernadeta aligeuka akamkuta Luhende amesimama mlango wa chumba. Alikuwa amesikia yote.

"Nusu saa," alisema Luhende. "Ulimwambia wewe. Alikuuliza huku anakunywa uji wako, ukamwambia."

Hakupaza sauti, wala hakuwa mtu wa kupiga. Lakini Bernadeta aliona heri angempiga. Jumamosi ikaja barua ya kuhama kota kabla mwezi haujaisha, na siku hiyohiyo ikajulikana nani amepewa nafasi ile. Alikuwa kijana aitwaye Marko kutoka Nzega, ambaye tangu mfungo alikuwa akilala sebuleni kwa Kasimiri. Marko alikuwa kaka yake Tekla, mke wa Kasimiri.

*

Tekla alijifungua mtoto wa kiume wiki iliyofuata. Asubuhi yake Kasimiri alisimama nje ya kota ya dada yake, hakuthubutu kuvuka kizingiti. Ndani vyombo vilikuwa vimefungwa kwenye mkeka tayari kwa kurudi Puge.

"Dada, Tekla anakuhitaji. Mgongo umekaza, hawezi kuinuka. Mama mkwe amekuja lakini vidole vyake vimevimba, hawezi kukamua kitambaa."

Ni desturi mzazi akandwe na mama yake au wifi yake kwa maji ya moto siku arobaini, na kwa Tekla hapakuwa na wa kumkanda ila wifi. Kasimiri alilijua hilo alipokuwa anakuja.

"Marko hajambo?" Bernadeta aliuliza.

Kasimiri alitazama viatu vyake.

"Wangemkuta tu, dada. Kama si mwaka huu, mwakani. Lile bega lilikwisha kufa."

"Halikufa. Nililifufua kila asubuhi."

"Hujui wakwe zangu walivyokuwa wananicheka! Karani gani asiyeweza kumwingizia shemeji yake kazi? Nilikula nao nimeinamisha kichwa. Mtu anachoka kuchekwa."

Bernadeta alimtazama vizuri. Alikuwa amengoja asikie jambo kubwa: deni, vitisho, bunduki kichwani, chochote ambacho mtu angeweza kukibeba na kusema, sawa, alishikwa. Kumbe ni kuchekwa tu. Mwanaume mzima amemkalisha shemeji yake kwenye saruji, amechukua moto wa dada yake na kuuweka dirishani, ili wakwe waache kumcheka! Uchungu ulimpanda mpaka akaona mate yake machungu.

"Toka hapo mlangoni," alisema. "Mkeo nitakuja kumkanda. Yeye hajanikosea."

*

Nyumba ya Kasimiri ilikuwa imejaa wanawake. Bernadeta aliwaamkia, akaweka maji jikoni, akatia majani ya mwarobaini, akangoja yachemke kweli. Kisha alimgeuza Tekla, akamkanda kiunoni na mgongoni kwa kitambaa cha moto mpaka ngozi ikalegea, na hapo ndipo alipomnyoosha, mguu mmoja kisha mwingine, taratibu, bila kumwibia hata pumzi moja. Wanawake wakanyamaza kumtazama. Mikono yake haikujua hasira. Ilifanya kazi ile kama siku zote, naye mwenyewe alistaajabu.

Tekla alishusha pumzi ndefu. "Wifi, sijui nikushukuru vipi. Si kwa hili tu. Kwa lile la Marko pia."

Kitambaa kilisimama mgongoni.

"La Marko?"

Veneranda, mama yake Tekla, alisogea. Alikuwa amebeba kuku jike mkubwa, miguu imefungwa kwa ukambaa, akamweka mbele ya Bernadeta kwa mikono miwili na kupiga goti.

"Mwanangu, Kasimiri ametuambia. Kwamba mumeo amechoka na moto wa garimoshi, anataka kurudi kulima, na kwamba ni wewe uliyesema nafasi isiende kwa watu baki, apewe Marko wetu. Sisi Nzega tulilia kwa furaha. Nani siku hizi anatoa riziki yake akampa mtoto wa mwenzake? Kuku huyu ni mdogo, lakini upokee."

Wanawake wakapiga vigelegele. Bernadeta alimtazama yule kuku, akamtazama mtoto aliyelala juu ya titi la mama yake akinyonya. Maneno yote yalikuwa pale mdomoni. Lakini mzazi wa siku moja haambiwi habari mbaya; akiambiwa maziwa hukata, na hakuna mwanamke katika chumba kile ambaye angemsamehe aliyeyakata. Hata hapo Kasimiri alikuwa amemtangulia. Amemnyang'anya kazi ya mumewe na nyumba yake, na sasa amemvisha sifa ya ukarimu juu yake, tena mahali ambapo hawezi kuivua.

Aliinuka, akakikamua kile kitambaa, akakitundika. Kuku hakumgusa.

Hapo sauti ya Kasimiri ikasikika uani. Hakuweza kuingia kwa kuwa mama mkwe alikuwa ndani, basi alisimama upande wa pili wa ukuta na kuita kwa uchangamfu, ili chumba kizima kimsikie.

"Shikamoo, dada!"

Bernadeta alifuta mikono.

Wanawake walingoja. Ni neno dogo, linatoka lenyewe. Hata mtu akiwa na homa hulitoa.

"Shikamoo, dada!" Kasimiri alirudia, safari hii kwa sauti nyembamba zaidi.

Bernadeta alichukua kanga yake, akajitanda, akamfunika mtoto vizuri mgongo. Alimwambia Tekla kwa upole kwamba kesho atarudi saa ileile. Kisha akasimama pale katikati ya chumba, mdomo ameufunga, akiwatazama wote mmojammoja, na machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Dada, shikamoo," ilisema sauti ya ukutani.

Kigelegele cha mwisho kilikufa. Veneranda alimtazama Bernadeta usoni, akamtazama kuku wake aliyelala sakafuni, akautazama ukuta. Tangu amwoze bintiye hakuwahi kumsemesha mkwewe, alimtumia watu tu, kama adabu inavyotaka. Alijiinua kwa vidole vyake vilivyovimba, akausogelea ukuta, akapaza sauti.

"Kasimiri! Umemfanya nini dada yako?"